Seneta Hapana: maswali yenu kuhusu Jesse Helms

Safu iliyopita nilimtaja kwa sentensi moja tu Jesse Helms, seneta mhafidhina wa North Carolina, nikijua nitaendelea na mengine. Mmenikatalia. Haya, tuyamalize.

*Ndugu mwandishi, naona wabunge wengi wa Marekani ni mawakili. Naye alikuwa wakili? (Msomaji, Morogoro)*

Hata shahada hakuwa nayo. Alizaliwa 1921 Monroe, mji mdogo ambako baba yake alikuwa mkuu wa polisi. Alisoma kidogo chuo cha Wake Forest, akaacha akaenda kufanya kazi gazetini. Kilichomjenga hasa ni televisheni. Kuanzia 1960 hadi 1972 alitoa maoni yake kwenye kituo cha WRAL cha Raleigh, dakika chache tu kila mara, akiishambulia serikali kuu, vyuo vikuu na harakati za haki za raia. Kwa hiyo alipogombea Seneti 1972 hakuhitaji kujitambulisha. Watu walishakula naye chakula cha jioni miaka 12. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa bado Democratic kwenye daftari la wapiga kura. Akashinda kwa tiketi ya Republican, akakaa vipindi vitano, yaani miaka 30.

*Maseneta ni 100. Mmoja anawezaje kumsumbua rais mzima? (Msomaji, Kisumu)*

Hili ndilo swali lenyewe. Helms hakuwa hodari wa kutunga sheria kubwa kubwa. Alikuwa hodari wa kanuni, na kanuni za Seneti zinampendelea anayezuia kuliko anayejenga. Jina la "Seneta Hapana" alibandikwa kwa dhihaka, yeye akalivaa kama nishani.

Tazama kisa cha 1997. Rais Clinton alimteua William Weld, gavana wa Massachusetts, awe balozi Mexico. Weld alikuwa Republican, chama kimoja na Helms. Lakini Helms, ambaye wakati huo aliongoza Kamati ya Mambo ya Nje, alimwona mlegevu kwenye vita vya dawa za kulevya kwa sababu aliunga mkono bangi itumike kama tiba. Basi hakuitisha kikao cha kumsaili. Hakuna kikao, hakuna kura, hakuna balozi. Weld akajiuzulu ugavana ili apigane vizuri. Mwezi wa Septemba wajumbe wakalazimisha kamati ikutane. Helms akaja, akakalia kiti chake, akaanza kusoma historia ya wateule wengine waliowahi kunyimwa kikao. Aliyejaribu kumtaja Weld hakupewa nafasi. Ilipita kama nusu saa, nyundo ikagongwa, mkutano ukafungwa. Siku chache baadaye Weld alijitoa. Kama umewahi kuhudhuria mkutano wa ushirika ambao mwenyekiti ndiye anayeshika ajenda, hukuhitaji maelezo yangu.

*Ile sheria ya Helms kuhusu utoaji mimba ndiyo inayowekwa na kuondolewa kila rais akibadilika? (Msomaji, Mwanza)*

Hapana, na wengi wanachanganya. Ya Helms ni ya 1973, mwaka wake wa kwanza bungeni. Inasema fedha za msaada wa Marekani kwa nchi za nje zisilipie utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango. Hiyo ni sheria. Rais wa Democratic akiingia anaikuta, akitoka anaiacha. Imedumu zaidi ya miaka 50. Inayopanda na kushuka ni amri ya rais iliyoanza kwa Reagan mwaka 1984, inayoyanyima msaada mashirika ya nje yanayojihusisha na utoaji mimba hata kwa fedha zao wenyewe. Clinton aliiondoa 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaiondoa 2009, na mchezo unaendelea. Ukiwa na shirika la afya Nairobi au Dodoma, hiyo ya pili ndiyo inayokufanya usubiri matokeo ya uchaguzi wao kwa wasiwasi.

*Alikuwa mbaguzi wa rangi au wanamsingizia? (Msomaji, Mombasa)*

Mwenyewe alikataa neno hilo hadi mwisho. Mimi naangalia matendo. Oktoba 1983, Seneti ilipojadili sikukuu ya Martin Luther King, Helms aliuchelewesha muswada kwa maneno na akagawa makabrasha ya kumhusisha King na wakomunisti. Seneta Moynihan wa New York aliyatupa sakafuni akayaita furushi la uchafu. Sikukuu ikapita, 78 kwa 22. Miaka mitatu baadaye akapinga vikwazo dhidi ya makaburu wa Afrika Kusini, akashindwa tena.

Halafu kuna 1990. Mpinzani wake alikuwa Harvey Gantt, msanifu majengo mweusi aliyewahi kuwa meya wa Charlotte, na mbio zilikuwa zimebana. Likatoka tangazo: mikono ya mzungu inaikunjakunja barua ya kunyimwa kazi, sauti inasema kazi ile uliihitaji na uliistahili, ila wamempa mtu wa jamii ya wachache kwa sababu ya mgawo wa rangi. Sura ya mwenye mikono huioni. Kila mzungu asiye na kazi aliweza kujiona pale. Ni tangazo la werevu mkubwa, na ndiyo sababu linaudhi hadi leo. Helms alishinda.

*Nasikia alibadilika kuhusu UKIMWI. Kweli? (Msomaji, Kampala)*

Nusu. Mwaka 1987 alisukuma hatua iliyowazuia wenye virusi kuingia Marekani. Wenzetu walioomba makazi ya kudumu kule miaka ya tisini wanakikumbuka kipimo cha damu; katazo liliondoka 2010 tu. Chuki yake kwa mashoga ilikuwa wazi kiasi kwamba 1991 wanaharakati waliivalisha nyumba yake ya Arlington kondomu kubwa ya kitambaa.

Kisha mwaka 2002, akiwa mzee na anastaafu, baada ya kushawishiwa na mhubiri Franklin Graham na mwanamuziki Bono, akasema ameona aibu kwa kutofanya zaidi. Akaandika gazetini akiomba dola milioni 500 za kuzuia mama asimwambukize mtoto. Mwaka uliofuata Rais Bush akatangaza PEPFAR, mpango wa kupambana na UKIMWI wa dola bilioni 15, na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikawa kwenye orodha ya mwanzo. Siwezi kusema Helms ndiye aliyeuleta. Lakini mhafidhina kama yeye akishasema ndiyo, ni nani upande wake atakayesema hapana? Angalia tu huruma ilipofika: kwa mama na mtoto wa Afrika. Kwa shoga wa Raleigh haikufika.

*Alikufa lini? (Msomaji, Muscat)*

Tarehe 4 Julai 2008, Raleigh, akiwa na miaka 86. Ndiyo, sikukuu yao ya uhuru. Marais wao wa mwanzo, Jefferson na Adams, nao walikufa tarehe hiyohiyo, 1826. Msinitumie ramli.