Kitenzi “ail”: ni mgonjwa au ni ugonjwa unaotenda?

Swali: Kamusi yangu inaeleza kwamba kitenzi cha Kiingereza “ail” ni kuugua. Nilipotafsiri “What ails the child?” kuwa “Mtoto anaugua nini?”, mhariri alibadilisha ikawa “Mtoto ana nini?” Je, kosa langu ni lipi?

Jibu: Mhariri ana haki. Katika sentensi hiyo kiima si mtoto bali ni lile jambo lisilojulikana linalomsibu, naye mtoto ni yambwa, yaani mwenye kutendewa. Kitenzi hiki kimetokana na “eglan” ya Kiingereza cha kale, yaani kutaabisha au kusumbua, na maana hiyo ingalimo: swali hilo laweza kuulizwa juu ya mtoto mwenye homa na vilevile juu ya mtoto aliyenuna tu, ilhali “anaugua nini” limekwisha kukata shauri kwamba upo ugonjwa.

Maana ya kuugua hujitokeza pale kitenzi kinapokosa yambwa, na hapo karibu kila mara huwa “is ailing”. “Her father is ailing” humaanisha kwamba afya ya baba imedhoofika kwa muda sasa, wala si kwamba ameamka leo na mafua. Hapa ndipo Waswahili wengi huteleza, kwa kuwa sisi husema bila taabu kwamba mtu anaugua malaria, kisha tukaandika “He ails malaria”, sentensi ambayo Kiingereza hakiikubali kamwe. Husemwa “He has malaria” au “He is suffering from malaria”.

Nomino “ailment” ni maradhi, aghalabu yale mepesi.

Jambo jingine la kuangalia ni umri wa usemi wenyewe. “What ails you?” siku hizi husikika kama lugha ya kizamani au ya mzaha, na daktari wa leo huuliza “What's the matter?” Kwa hiyo ukiweka “Unasumbuliwa na nini?” katika hadithi ya kale utakuwa umeihifadhi maana, lakini ladha ya ukale itakuwa imepotea, mimi ningechagua “Una masaibu gani?” au “Limekusibu lipi?” Magazeti, hata hivyo, bado yanakipenda kitenzi hiki yanapozungumzia mambo yasiyo na mwili: “an ailing economy” ni uchumi uliodorora, na “an ailing company” ni kampuni inayosuasua.