Kabla hujalifungia daftari kabatini

Juzi karani mpya wa ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, hata mwezi hajamaliza, ametaka kikao chetu cha mahamri cha asubuhi kifutwe, eti kinakula muda. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili la kufuta jambo kabla ya kulijua nimeshalichoka.

1. Mwezi wa kwanza, tazama. Nani huulizwa kwanza mzigo ukikwama? Utamaduni wa ofisi uko hapo, si kwenye fremu ya ukutani. Edgar Schein, msomi wa utamaduni wa mashirika, aliugawa tabaka tatu: yanayoonekana, yanayosemwa, na yale ambayo watu wameyaamini hadi hawayatamki tena. Hili la tatu ndilo gumu kubadilika. Utamwachishaje mtu jambo ambalo hajui kama amelishika?

2. "Sawa bosi" si kukubali. Forodha ilipoleta Simba, mfumo wake wa kompyuta, mwaka 2005, mimi ndiye niliyekuwa nimekabidhiwa ofisi. Nikakuta daftari jeusi, kila kontena limeandikwa kwa mkono. Nikaona ni kazi mara mbili, nikalifungia kabatini. Wote wakasema sawa bosi. Mzee wetu aliyekuwa akiliandika aliinamisha kichwa tu.

Sikujua kwamba kwa kalamu nyekundu alikuwa akiweka siku ya mwisho ya kila kontena kukaa bila kutozwa, na asubuhi, chai mkononi, akizisoma kwa sauti: "Hili la leo. Hili la kesho." Kompyuta haikumsomea mtu. Makontena matatu ya mama mmoja wa Mwembe Tayari yakapitisha siku. Storeji huku, ada ya bandari ya kuweka mzigo; dimareji kule, ada ya kampuni ya meli ya kuchelewesha kontena. Alikaa mbele yangu akaniuliza, "Mwanangu, hakuna aliyejua?"

Walijua. Lakini pale habari mbaya ilipelekwa kwa mzee, haikupelekwa kwa bosi, na mzee nilikuwa nimemvua kazi yake mbele ya watu. Mama yule alilipa pesa ambazo hakustahili kulipa, na hadi leo linaniuma.

Nilimfuata mzee kwake Majengo baada ya Isha, nikamwomba radhi. Alinimiminia kahawa. Daftari hakulitaja mpaka kikombe cha pili: "Ungaliniuliza lafanya kazi gani, ningalikwambia."

3. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na anayeulizwa kwanza awe upande wako. Tarehe nyekundu zilikuja kuingia kwenye kompyuta, na mzee ndiye aliyezisoma mpaka siku anastaafu.

Kesho saa mbili, karani wangu, njoo kwenye mahamri ukae karibu na anayesoma tarehe.