Si Kila Chozi la S1 Ni la Kumkumbuka Mama

Walimu wapya mliokabidhiwa madarasa ya S1, mwaka wa kwanza wa sekondari hapa Uganda, muhula huu, mimi ni yule madamu wa Kiswahili anayekaa karibu na birika la chai, na masikio yangu bado yanafanya kazi. Wiki hii nimesikia "atazoea tu" mpaka nimechoka. Mtoto hali chakula: atazoea. Anasinzia prepu ya asubuhi, ule muda wa kujisomea: atazoea. Amelia mbele ya DOS, mkuu wa taaluma: anamkumbuka mama, atazoea. Wengi watazoea kweli, sibishi. Lakini kwa "atazoea" tunafunika kila jambo ambalo hatutaki kujisumbua kulichunguza, na wanaolisema kwa ujasiri zaidi ni wale ambao hawajamaliza hata muhula mmoja na darasa la S1. Basi nisikilizeni kidogo, kisha mrudi kwenye skimu zenu za masomo.

1. S1 hufika shule ikiwa imeshajaa. Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza msingi, hutoka, uteuzi hufuata, na wao wanaripoti wakati wenzao wameshachagua vitanda, wameshajua bomba lipi lina maji na mpishi yupi ana mkono mzito wa kupakua maharage. Mtoto anashuka kwenye bodaboda na sanduku la bati, godoro, beseni, jembe, rimu za karatasi, na mzazi anayelia kumshinda yeye. Mpokee mtoto kwanza, rimu baadaye. Nimemwona mmoja wenu akihesabu karatasi za chooni huku mtoto amesimama mbele yake na godoro kichwani.

2. Agrigeti, yaani jumla ya alama za PLE ambapo 4 ndiyo bora kabisa, zisisomwe mbele ya darasa. Kamwe! Aliyeleta 4 alikuwa mfalme huko alikotoka, na hapa anakuta wenzake wa 4 wamejaa benchi nzima. Hilo litamuuma vya kutosha bila msaada wako. Aliyeleta 24 ukimtaja kwa sauti hatanyoosha mkono mpaka S3. Orodha iko kwa DOS. Isome peke yako, uifunge.

3. Ufunguo wa pili wa sanduku ukae kwa metroni, ukiwa na jina.

4. Fomu za afya. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoanguka mimi mwenyewe.

Mwaka mmoja nilikuwa na binti mdogo wa umbo, mkimya, anayekaa safu ya pili karibu na dirisha. Nilimpenda kwa sababu mbaya: hakunisumbua. Watoto wengine walikuwa wananiletea kesi za sabuni iliyopotea na shati lililobadilishwa kwenye kamba, yeye hakuleta chochote. Halafu akaanza kuchelewa kutoka bwenini asubuhi. Nikamwuliza. "Madamu, miguu inauma." Nikatazama viatu vyake, vipya, vigumu, nikamwambia vitalainika. Siku iliyofuata akasema ni mikono. Nami, mbele ya darasa, nikatania kwamba kila S1 anayemkumbuka mama huumwa na kiungo chake, huyu anaanza miguu anamalizia mikono. Wakacheka. Yeye pia alicheka kidogo.

Nikampa kazi ya kufuta ubao ili achangamke. Alifuta nusu ya chini, akasimama. Nikamwambia, "Na huko juu atafuta nani?" Akainua mkono mpaka usawa wa bega, ukaishia hapo. Nikafikiri ni uvivu. Nikachukua dasta, nikafuta mwenyewe, huku nikiwahubiria juu ya watoto waliolelewa na wasaidizi wa nyumbani.

Usiku ule metroni alinigongea. Binti alikuwa amejikunja kitandani, ameshika magoti, analia bila sauti. Tulimpeleka hospitali kwa gari la mkuu wa shule. Daktari alimvuta kope la chini, akaangalia macho yake, yana manjano, akatuuliza kama tulijua kwamba mtoto huyu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Sisi tulitazamana.

Mama yake alifika alfajiri kwa teksi ya kwanza. Hakupiga kelele, na ningeona afadhali angepiga. Alisema tu, "Fomu niliijaza, mwalimu. Niliandika mpaka nyuma ya karatasi."

Nilirudi shuleni nikaitafuta. Haikuwa imepotea kwenye ofisi yoyote. Ilikuwa kwenye kabati langu, kwenye faili la darasa langu, chini ya madaftari ya insha ambayo nilikuwa najivunia kuyasahihisha kwa wakati. Kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa mtu aliyekaza mkono: asioge maji baridi, asikae na kiu, asichoshwe sana, dawa zake za kila siku ziko sandukuni, akilalamika mifupa tafadhali mnipigie.

Sasa mnajua ratiba yetu. S1 wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri, wanaoga maji ya tangi. Ulikuwa msimu wa kiangazi, foleni ya bomba ndefu, na S1 husukumwa nyuma ya foleni, kwa hiyo alikuwa anakunywa kikombe kimoja anapobahatika. Dawa aliacha kumeza kwa sababu wenzake bwenini walianza kumwuliza ni za nini. Baridi, kiu na uchovu ndivyo vinavyoamsha yale maumivu. Kila alichokatazwa na mama yake, sisi tulimpa, na juu yake mimi nikaongeza kicheko.

Alipona, akarudi, na tangu hapo jikoni walimwekea maji ya moto kila asubuhi. Alimaliza S4 hapa hapa. Nilimwomba radhi, akanijibu, "Hakuna shida, Madamu," kwa ile adabu ya watoto wetu ambayo haikuambii kama umesamehewa au la.

Kwa hiyo: kabla hujaita majina mara ya kwanza, kaa na metroni na muuguzi, soma kila fomu, mbele na nyuma. Selimundu, pumu, kifafa, mzio, na watoto walio kwenye dawa za ARV. Panga dawa itamezwa wapi, mtoto asilazimike kufungua sanduku mbele ya bweni zima. Na unayoyasoma yaishie kwenu watatu. Nikisikia hali ya mtoto inatajwa hapa kwenye birika la chai, mtanijua kwa upande mwingine.

Anayekojoa kitandani naye ni wa humo humo. Metroni amwamshe usiku, na godoro litoke kimya kimya wengine wakiwa darasani. Kulianika mbele ya gwaride si nidhamu.

5. Masomo. P7, darasa la mwisho la msingi, mtoto alikuwa na mitihani minne tu ya PLE: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na SST (maarifa ya jamii). S1, kwa mtaala huu ulioanza 2020, anakutana na masomo kumi na mawili, kumi na moja ya lazima na moja la kuchagua. Mwalimu mmoja anatoka, mwingine anaingia, kila mmoja anataka daftari lake na jalada la rangi yake. Wiki ya kwanza mtoto anatembea na madaftari yote kifuani kama mchuuzi wa vitenge. Mwambie abandike ratiba ndani ya kifuniko cha sanduku, aisome usiku kabla ya kulala.

Na kwa kuwa Kiswahili kiko kwenye yale ya lazima, nivumilieni. Darasa lenu lina mtoto wa kambi ya jeshi, Mnubi wa Bombo, wa Busia mpakani, na wa Mbarara au Masaka ambaye nyumbani ameambiwa hii ni lugha ya askari na wezi. Wale wa kwanza, waliokua wakikisikia Kiswahili, watamcheka huyu wa mwisho kwa matamshi. Usiwaache. Subiri jaribio la ngeli. Mtoto wa kambi anaandika "kitabu yangu imepotea" kwa kujiamini kabisa, na yule wa Mbarara, aliyejifunza kwa hofu, anaandika "kitabu changu kimepotea" na kumwacha mbali. Hapo ndipo ninapowakalisha wawili hao dawati moja: mmoja anafundisha kusema, mwingine anafundisha kuandika. Urafiki mwingi wa S1 ninaoujua ulianzia kwenye ngeli ya KI-VI.

6. Msiwaogope S6, waogopeni S2. S6 ana mitihani, hana muda. S2 mwaka jana alichota maji ya watu na kufua mashati ya watu, na sasa anaona zamu yake imefika. Pita bwenini kati ya chakula cha jioni na prepu, hasa Jumamosi, na utazame nani anafua nguo zisizomtosha. Ukimpata S2 mwenye nguo hizo, usikimbilie fimbo. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa 2016 imekataza adhabu ya viboko shuleni, na hata isingekataza, S2 aliyechapwa kwa sababu ya S1 anajua kitanda cha S1 kiko wapi. Mwite, mpe huyo huyo mtoto wa kumwongoza, kwa jina, na umwulize habari zake kila Ijumaa. Hufanya kazi mara nyingi. Isipofanya, mzazi wake aitwe.

7. Simu. Mzazi anayepiga kila jioni anamfanya mtoto aanze kulia kila jioni, kwa saa ile ile. Mpangieni siku moja. Lakini mtoto akikuambia, "Madamu, naomba kuongea na mama," mwulize kwanza kuna nini, usimpe hotuba ya sheria za simu. Na mzazi akiuliza mtoto anaendeleaje, usijibu "yuko sawa" kabla hujaenda kumwona. Mwambie utampigia baada ya nusu saa, uende ukamwone mtoto.

8. Siku ya wazazi kutembelea, kila darasa lina mtoto ambaye hakuna mtu anayekuja kumwona. Nauli, shamba, msiba, sababu ni nyingi. Walimu wapya hupenda kumpa kazi ya kupokea wageni getini, wakidhani wanamchangamsha. Anashinda pale akipokea mama za wenzake. Mwulize mapema, faraghani, kama kuna anayekuja. Kama hakuna, mpigie mzazi wa rafiki yake wiki moja kabla, umwambie mkeka wao utakuwa na mtoto mmoja zaidi. Sijawahi kukataliwa. Ila iwe wiki moja kabla, si asubuhi ile, maana kuku akishakatwa vipande nyumbani, kila paja limeshaandikiwa jina.