Barua kwa mwanangu: Edie alimsameheje Terry?

Mama, hujambo? Mesej yako nimeisoma asubuhi kwenye daladala nikaona hii haijibiki kwa emoji. Unasema umeangalia ile muvi On the Waterfront na Edie amekukera, yaani mtu kama Terry amemwita kaka yako juu ya paa kwa kisingizio cha njiwa, kaka anasukumwa kutoka huko anakufa, halafu wewe unakuja kumpenda huyohuyo. "Baba, ule ni msamaha au ujinga?"

Hebu rudisha pale Terry anapokiri. Wapo karibu na maji huko Hoboken, anaanza tu kuongea honi ya meli inalia, maneno yote yanamezwa, tunabaki na uso wa Edie. Halafu anakimbia. Hajasamehe kitu pale! Ila Terry, japo padri alimsukuma, amemwambia mfiwa mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajaenda kusema mbele ya tume iliyochunguza uhalifu bandarini. Ile ya baadaye anavunja mlango wanabusiana, hapo niko na wewe, muvi imekimbia sana.

Msamaha ninaouona mimi uko kwenye teksi. Charley, kaka yake Terry anayefanya kazi na genge la bandarini, anamtolea mdogo wake bastola, na Terry wala hafoki, anaisogeza pembeni taratibu kama unavyomtoa mtoto kisu mkononi. Na huyu Charley ndo alimfanya apoteze pambano la ngumi makusudi ili wakubwa wa genge wale hela za kamari, analaumiwa palepale, mwisho anampa bastola ile ile na kumwachia aende. Usiku huohuo wakamuua wakamning'iniza kwenye ndoano. Hao ndo aliokuwa mwaminifu kwao miaka yote.

Halafu hilo la Elia Kazan, mwongozaji. Kweli, 1952 alitaja wenzie waliowahi kuwa Wakomunisti mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, muvi ikatoka 1954 ikabeba Oscar 8, watu wakasema Terry ndo yeye anajitetea. Mi ulinganisho huo siukubali kabisa. Terry alitaja wauaji, Kazan alitaja watu ambao hawakuua mtu, tena akalipia tangazo kwenye New York Times kueleza kwa nini alikuwa sahihi. 1999 anapewa Oscar ya heshima, kuna waliokaa tu pale ukumbini wamekunja mikono, miaka 47 imepita!

Najua pia unamuulizia baba yako mdogo na kile kiwanja, usidhani sijakushtukia. Huwa anapiga simu kila Jumapili, anauliza mvua, anauliza kuku, anauliza mguu wangu. Kiwanja bado hajakitaja.

Baba yako.