Udongo Una Saa Zaidi ya Moja

Wanaoanza ufinyanzi huniuliza kwanza habari za vidole: visukume wapi, vibane vipi. Mimi huwaambia waanze na unyevu. Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga, na ni kweli, ila mfinyanzi anajua kuna saa nyingine baada ya hiyo. Ukiwa laini, udongo hukubali kuinuliwa na kupanuliwa. Ukikauka kidogo, ukashikika bila kubonyea huku bado una ubaridi ukiugusa, hapo ndipo kitako huchongwa na vipande kuunganishwa. Ukikauka kabisa, ulainishe uso tu, basi, ungoje moto.

Chukua kishikio cha kikombe. Udongo hunywea unapopoteza maji. Ukibandika kishikio kibichi kwenye kikombe kilichokwisha kunywea nusu, kishikio kitaendelea kunywea peke yake na ufa utatokea palepale kwenye kiungo, hata upake tope zito namna gani. Kwa hiyo mimi huviweka vyote viwili ndani ya mfuko mmoja wa plastiki hadi unyevu ulingane, ndipo nachanja chale pande zote mbili, napaka tope na kubana. Mfuko huo umeniokolea vikombe vingi kuliko wepesi wa mkono.

Mawazo nayo nayafanyia hivyohivyo. Rasimu mbichi siigusi nukta wala mkato, kwa kuwa sentensi ikishapendeza naona uchungu kuifuta hata kama haina kazi. Nairudia ikishatulia, nikiweza kuisimulia yote bila kuitazama. Hapo ndipo napunguza, na napunguza sana.

Na umbo likikataa? Usiutose udongo majini ukiwa na unyevu nusu. Utakaa humo mabonge mabonge. Uache ukauke kabisa, kisha uloweke: utamomonyoka wenyewe na kurudi tope. Wengi hawaamini mpaka waone. Mpango uliokwama nao uweke kando kabisa kwa muda, badala ya kuukarabati huku umeung'ang'ania. Ila fanya hivyo kabla ya tanuri. Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi za sentigredi, hata maji yaliyofungamana na chembe za udongo hutoka, na baada ya hapo uloweke utakavyo, hautarudi tope.

Kwenye maisha nina tahadhari zaidi, maana mtu mwingine si udongo wangu. Ninayothubutu kuyafinyanga ni ya kwangu, na nimeona yanalainika yanapohama: kazi mpya, nyumba mpya, mtoto akianza shule. Kwa wiki chache ratiba nzima inabonyea, kisha inakauka. Nilipohama nyumba, vitabu vilikaa sebuleni kabla televisheni haijapata mahali pake, na hadi leo jioni zetu ni za kusoma. Ukiona kipindi kama hicho kinakuja, amua mapema jambo moja utakaloliingiza, na ulianze siku ileile ya kwanza, kabla mizigo haijafunguliwa.