Jina la kwenye mtambo si la fundi, na stilwaya iweke chini

SWALI: Mtaalamu, baba mkwe wangu hapa Lancaster, Pennsylvania, ametuachia gobore refu la mababu zake: kitako cha mti wa mepo, shaba kila mahali. Kwenye mtambo, yaani kile kifaa cha ubavuni cha kulipulia baruti, pameandikwa Golcher. Jirani anasema ni la miaka ya 1770, na nikilisugua likang'aa bei itapanda. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye baruti, ndugu yangu: hakikisha halikuachwa limeshindiliwa. Tumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, hadi ugote, shika pale unapotokea mdomoni, uutoe na kuulaza juu ya mtutu, pale uliposhika pawe sawa na mdomo. Usipofika karibu na tundu la moto, kuna kitu ndani. Mpelekee fundi wa bunduki.

Golcher lilikuwa jina la watengeneza mitambo. Katika karne ya 19 mitambo yao iliuzwa madukani, na mafundi chungu nzima waliinunua na kuifunga kwenye bunduki zao. Fundi wako, kama alitia jina, alilichonga kwenye ubapa wa juu wa mtutu, nyuma ya kilengeo. Zima taa, laza tochi ya simu ubavuni. Herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake. Na kama linapigwa kwa fataki, vile vikofia vya kulipulia vya karne ya 19, hiyo 1770 isahau mpaka ithibitike kwamba awali lilikuwa la gumegume, jiwe la cheche, likageuzwa.

Sasa hilo la kusugua. Nimechoka kulisikia! Juzi nimeshika moja iliyosuguliwa: shaba inang'aa kama sinia la harusi, na juu ya mtutu imebaki D na kipande cha herufi nyingine. Huenda ni Jacob Dickert, fundi mashuhuri wa Lancaster, huenda si yeye. Aliyekuwa na jibu ni ule mtutu, nao umepigwa msasa. Kitako nacho vilevile. Mafundi wale walipaka mti asidi ya nitriki iliyoyeyushiwa chuma, wakaupasha moto hadi mawimbi yake yakakolea. Rangi ile na weusi wa mikono ya miaka 200 ndivyo tunavyovisoma tukitafuta palipobadilishwa. Ukivikwangua, hakuna wa kuvirudisha.

Wanaokadiria bei kwa picha moja ya simu wanakisia tu. Mtutu hawajaushika, chini ya mtambo hawajaona. Mlipe mthamini ada yake, asiwe mnunuzi. Yule anayekutajia bei kisha papo hapo anatoa pochi, usimfungulie mlango.