Eti Bukini (Madagaska) wanacheza ngoma na maiti?

SWALI: Dada mhariri habari za kazi, mi niko Mikindani, kuna baharia kaniambia kule Bukini watu wanatoa wafu kaburini wanacheza nao, sisi huku tukishasoma arobaini basi. Ni kweli? Si uchawi huo?

JIBU: Kweli kabisa mdogo wangu, na uchawi sio. Inaitwa famadihana, wanafanya Wamerina na Wabetsileo wa nyanda za juu Madagaska, kipupwe cha Juni mpaka Septemba, kila miaka 5 au 7 hivi wanafungua kaburi la ukoo, mifupa inavishwa sanda mpya ya hariri alafu wanaibeba mabegani wanazunguka kaburi na muziki. Na wanampa marehemu habari za nyumbani, nani kaoa, nani kazaa, hapo ndo mi naguswa sana maana hata bibi yangu Lindi akienda makaburini lazima aongee na mumewe. Bolivia nako, mjini La Paz, kila Novemba 8 watu wanapeleka mafuvu makaburini yamevishwa mataji ya maua, mengine na sigara mdomoni, wanayaita ñatitas, siku nyingine yanakaa nyumbani yanalinda familia.